Udhibiti wa panya katika afya ya jamii

Udhibiti wa panya katika afya ya jamii ni jumla ya kazi zinazofanywa ili kupunguza panya mahali watu wanapoishi, wanapohifadhi chakula na wanapofanya biashara, kwa lengo la kuzuia magonjwa na uharibifu wa mali. Katika nchi nyingi kazi hiyo ni jukumu la serikali za mitaa. Nchini Tanzania iko mikononi mwa halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji. Nchini Kenya iko chini ya serikali za kaunti. Watekelezaji wake ni maofisa afya ya mazingira, ambao Watanzania wengi bado wanawaita mabwana afya na mabibi afya.

Idara hizohizo hushughulikia pia mende, kunguni, nzi na mbu. Hata hivyo panya wana nafasi ya pekee, kwa sababu mbili. Kwanza, wanazaa upesi kuliko mtu anavyoweza kuwaua. Pili, upo ugonjwa mmoja, yaani tauni, ambao kuua panya bila mpango kunaweza kuuongeza badala ya kuupunguza.

Panya wanaoishi karibu na watu

Kati ya mamia ya spishi za panya duniani, ni chache tu zinazoishi na binadamu. Panya mweusi au panya wa paa (Rattus rattus) ni mwepisi wa kupanda. Anapenda dari, mapaa ya makuti na minazi. Ndiye panya wa kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Panya wa kahawia (Rattus norvegicus) ni mkubwa zaidi, anachimba mashimo ardhini na kuishi kwenye mifereji ya maji machafu. Katika eneo letu huonekana hasa katika miji ya bandari. Panya mdogo wa nyumbani (Mus musculus) hupita kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, yaani unene wa penseli.

Wa nne ni panya shamba (Mastomys natalensis). Huyu ni mwenyeji wa Afrika, anakaa mashambani, lakini baada ya mavuno huyafuata mahindi hadi ndani ya nyumba. Jike lake lina chuchu nyingi, hata kufikia 24, na uzao mmoja unaweza kuzidi watoto 10. Watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mlipuko wa panya hawa unaweza kutabiriwa kutokana na mvua: mvua za vuli zikija mapema na kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata mkulima hupanda mbegu zikafukuliwa usiku uleule.

Panya wote hawa wana meno ya mbele yasiyokoma kukua, kwa hiyo hawana budi kutafunatafuna. Ndiyo maana huharibu nyaya za umeme na mabomba ya plastiki, vitu ambavyo haviliwi. Panya wa kahawia ana tabia nyingine inayowasumbua mabwana afya: anaogopa kitu kipya. Mtego uliowekwa leo unaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa, na mwenye nyumba akauondoa akidhani haufai, wakati panya alikuwa bado anauzoea.

Magonjwa

Panya huhusika na magonjwa ya binadamu kwa njia tatu: kwa mkojo na kinyesi chake, kwa kung'ata, na kupitia wadudu wanaoishi mwilini mwake.

Kwa njia ya mkojo huenea leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria ambao humpata mtu anapogusa maji au matope yaliyochafuliwa, hasa akiwa na mchubuko kwenye ngozi. Mwezi Julai 2022 watu waliougua homa na kutokwa damu puani waliripotiwa mkoani Lindi, Tanzania. Kwa siku kadhaa ugonjwa huo haukujulikana. Baada ya vipimo vya maabara Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni leptospirosisi, kwa jina la homa ya mgunda. Wagonjwa waliotangazwa walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki. Panya si mnyama pekee anayebeba bakteria hao. Ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyamapori wanaweza pia kuwa nao.

Katika Afrika Magharibi panya shamba hueneza homa ya Lassa kwa mkojo na kinyesi. Afrika Mashariki ina panya wa spishi hiyohiyo, lakini ugonjwa huo si wa kawaida kwetu. Salmonela nayo huweza kuingia kwenye chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha panya. Kwa sababu hiyo kinyesi hakipaswi kufagiliwa kikiwa kikavu, maana vumbi huruka na kuvutwa puani. Hulowanishwa kwanza kwa maji yenye klorini, kisha hukusanywa kwa kitambaa na glavu.

Ugonjwa uliozifanya serikali za miji duniani kuanzisha idara za panya ni tauni.

Tauni: viroboto kwanza, panya baadaye

Tauni husababishwa na bakteria anayeitwa Yersinia pestis. Alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye, akiwa Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba ugonjwa hutoka kwa panya kwenda kwa panya mwingine kwa kuumwa na kiroboto. Wengi walimbeza, hadi tume ya utafiti iliyofanya kazi India kuanzia mwaka 1905 ilipothibitisha jambo hilo.

Kiroboto wa panya (Xenopsylla cheopis) anaponyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huongezeka ndani yake na kufanya kizibo mbele ya tumbo. Damu mpya haipiti. Kiroboto anabaki na njaa, anauma tena na tena, na kila anapojaribu kunyonya hutapika bakteria ndani ya jeraha. Maadamu panya yu hai, kiroboto hana haja ya mtu. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto huuacha na kutafuta damu yenye joto iliyo karibu. Ikiwa panya amefia darini au chini ya kitanda, damu iliyo karibu ni ya aliyelala humo.

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo halmashauri yenye nia njema inaweza kulifanya. Wakazi wanaona panya wanakufa ovyo. Kiongozi anaagiza sumu igawiwe kijiji kizima. Katika usiku mmoja maelfu ya viroboto wanabaki bila mwenyeji. Kwa hiyo kanuni inayofuatwa mahali penye tauni ni kuua viroboto kwanza. Unga wa dawa ya wadudu hupulizwa kwenye mashimo ya panya na kunyunyizwa kwenye mapitio yao na sakafuni. Panya akipita huubeba kwenye manyoya, akijilamba na kujikuna huusambaza mwilini, na viroboto wake hufa. Baada ya viroboto kupungua ndipo sumu au mitego ya panya hutumika.

Madagaska, nchi ambayo hupata tauni karibu kila mwaka, hutumia chombo kinachounganisha kazi hizo mbili, kijulikanacho kama sanduku la Kartman. Ni boksi lenye matundu pande mbili. Njiani mna unga wa dawa ya viroboto na katikati mna chambo. Sumu ya chambo ni ya kuua polepole, ili panya apate muda wa kurudi shimoni na unga ule na viroboto wafe kabla yake. Hata hivyo sanduku si kinga ya kila kitu. Katika mlipuko wa Agosti hadi Novemba 2017 Madagaska iliripoti wagonjwa 2,417 na vifo 209, na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa na tauni ya mapafu, ambayo mtu humwambukiza mtu kwa kikohozi. Ugonjwa ukifika hatua hiyo hospitali ndizo hubeba mzigo, si watega panya.

Ili kujua kama hatari ipo, wataalamu hutega panya wakiwa hai, huwachana manyoya juu ya beseni jeupe na kuhesabu viroboto. Idadi ya viroboto ikigawanywa kwa idadi ya panya waliokamatwa hupatikana wastani. Wastani wa Xenopsylla cheopis ukizidi 1 kwa kila panya, huchukuliwa kuwa dalili ya hatari. Kwa mfano, panya 40 wenye viroboto 68 wana wastani wa 1.7.

Lushoto

Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ndiyo iliyoteswa zaidi na tauni nchini Tanzania. Ugonjwa ulizuka huko mwaka 1980, na hadi mwaka 2004 zaidi ya watu 7,000 walikuwa wameugua na mamia kufariki. Wanawake na watoto waliathirika kuliko wanaume wazima. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni kulala sakafuni, mahali ambapo kiroboto anaweza kumfikia mtu kwa urahisi, na kuhifadhi mavuno ndani ya nyumba wanamolala watu.

Kazi ya kudhibiti ilikuwa na sehemu kadhaa kwa wakati mmoja: kutibu wagonjwa na waliokaa nao kwa antibiotiki, kunyunyiza dawa ya viroboto majumbani, kuua panya, na kuwafundisha wananchi kutoa taarifa wanapoona panya wamekufa bila sababu. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini lina uzito wake. Panya hufa kabla ya watu. Kijiji kinachotoa taarifa ya mizoga kinampa bwana afya siku kadhaa za kutangulia, na tauni ya mitoki, yaani ile inayovimbisha tezi za kinena, kwapa au shingo, hupona vizuri ikitibiwa mapema kwa streptomisini, jentamisini au doksisaiklini. Isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 kwa kila wagonjwa 100.

Tauni haikung'olewa kabisa. Chanzo chake kiko kwa panya wa msituni na mashambani, ambao hakuna halmashauri inayoweza kuwamaliza. Wagonjwa wameonekana pia wilayani Mbulu, mkoani Manyara, mwaka 2007. Ng'ambo ya mpaka, maeneo ya Ituri katika Kongo na jirani yake wa Nile Magharibi nchini Uganda ni vituo vya tauni vya miaka mingi.

Mifano miwili ya mwaka 1902

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wenye mamlaka waliamua kulichoma moto. Moto uliteketeza maduka na mali. Lakini panya hukimbia moto mapema kuliko watu, na waliokimbia hubeba viroboto wao hadi mtaa wa pili. Kilichofuata hakikuwa cha kitabibu tu. Hofu ya tauni ilitumiwa kuwa hoja ya kuwatenga watu kwa rangi. Ripoti ya Profesa William Simpson, iliyotolewa karibu na mwaka 1914, ilipendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe kwa jina la usafi. Mipaka ya mitaa ya Nairobi ya leo bado inabeba alama za mapendekezo ya namna hiyo, wakati dawa halisi ingekuwa kuzoa taka, kuchimba mifereji na kujenga maghala bora kwa wote.

Mwaka huohuo huko Hanoi, Vietnam, iliyokuwa chini ya Ufaransa, mifereji mipya ya maji machafu ilikuwa imewapa panya wa kahawia makao mazuri chini ya mtaa wa Wafaransa. Serikali iliajiri watu wa kuwasaka. Katika siku moja ya Juni 1902 waliuawa zaidi ya 20,000. Kisha ilitangazwa zawadi kwa kila mwananchi atakayeleta mkia wa panya. Mikia ilikuja kwa wingi, na wakati huohuo panya wasio na mikia wakaanza kuonekana mitaani: walikuwa wamekatwa mikia na kuachiwa wakazae. Wakaguzi waligundua pia kwamba pembezoni mwa mji palikuwa na watu waliofuga panya kwa ajili ya zawadi hiyo. Mpango ulifutwa. Uchumi wake mtu yeyote wa sokoni angeweza kuueleza: ukinunua mikia, utaletewa mikia.

Kwa nini kuua peke yake hakutoshi

Mimba ya panya wa kahawia huchukua wiki tatu hivi, na watoto huwa tayari kuzaa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Tuchukue mfano wa soko ambalo mabaki ya chakula na maficho yake yanatosha panya 200. Halmashauri inafanya operesheni na kuua 150, kazi ambayo kila mtu angeipigia makofi. Wanabaki 50. Tukisema nusu yao ni majike, na kila jike anazaa mara moja tu watoto 7, tunapata watoto 175. Jumla ni 225, idadi inayozidi ile ya mwanzo, na haikuhitaji zaidi ya miezi miwili. Kwa kweli si watoto wote watakaoishi, lakini wengi wataishi kuliko kawaida, kwa sababu waliouawa wamewaachia chakula na nafasi.

Jambo hili lilipimwa jijini Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1940. David E. Davis na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwahesabu panya mtaa kwa mtaa. Waliona kwamba mtaa uliopigwa sumu ulirudia idadi yake ya zamani baada ya miezi, na kwamba idadi ilishuka na kubaki chini pale tu taka zilipowekwa kwenye mapipa yenye vifuniko, nyumba zikakarabatiwa na maficho yakaondolewa. Mji wa San Francisco ulikuwa umefikia hatua hiyo mapema. Baada ya tetemeko la ardhi la 1906 tauni ilirudi humo, na Daktari Rupert Blue, aliyeongoza kampeni, aliwaua panya kwa wingi lakini pia aliwalazimisha wenye majengo kumwaga sakafu za zege na kuondoa mazizi na mabanda ya kuku yaliyooza.

Kwa lugha ya ofisi kazi hii huitwa usafi wa mazingira, na kwa bahati mbaya jina hilo limeifanya ionekane kama jambo la kufagia Jumamosi. Kwa panya ina maana mahususi. Taka za chakula zisilale nje usiku, kwa kuwa panya hula usiku. Gari la taka linalopita asubuhi halisaidii kama taka zilitolewa jana jioni. Mapipa yawe na vifuniko vinavyofunga. Matundu ya ukuta na nafasi zinazozunguka mabomba zizibwe kwa saruji au wavu wa chuma, si kwa matambara. Milango ya maghala iwekewe bati upande wa chini. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili mtu aweze kupita nyuma yake na tochi. Vihenge vya kienyeji vilivyosimama juu ya nguzo huwekewa bati lenye umbo la faneli kwenye kila nguzo, na njia hii ya bei ndogo hushinda dawa nyingi, mradi hakuna mti au ukuta ulio karibu ambao panya anaweza kurukia kutoka hapo.

Na paka? Paka humfukuza panya mdogo na kula watoto wa panya, lakini mara nyingi humkwepa panya mkubwa wa kahawia. Mahali penye tauni paka huweza kuugua na kumwambukiza mwenye nyumba, kama ilivyotokea mara kadhaa Marekani.

Sumu

Sumu za panya zinazotumiwa na serikali za mitaa ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza huua upesi. Maarufu kati yake ni zinki fosfidi, unga wa kijivu cheusi ambao ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini. Hutumika sana mashambani wakati wa milipuko ya panya shamba. Ina kasoro mbili. Panya aliyeonja kidogo akaumwa tumbo bila kufa hatagusa chambo hicho tena, kwa hiyo inabidi panya wazoezwe kwanza kwa siku kadhaa kula nafaka isiyo na sumu. Kasoro nyingine ni kubwa zaidi: haina dawa maalumu ya kuizuia mtu akiinywa au kuila.

Aina ya pili ni sumu za kuzuia damu kuganda. Ya kwanza, warfarini, ilitokana na utafiti wa Karl Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin juu ya ng'ombe waliokufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Ilianza kuuzwa kuwa sumu ya panya mwaka 1948, na miaka michache baadaye ikawa pia dawa ya hospitali kwa wagonjwa wenye damu inayoganda mishipani. Panya hufa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo hawahusishi kifo na chambo. Mwaka 1958 panya wanaostahimili warfarini waligunduliwa Scotland, na ndipo zikatengenezwa sumu kali zaidi kama bromadioloni na brodifakumu. Hizi hukaa mwilini mwa mzoga. Bundi, paka au mbwa anayekula panya huyo hudhurika pia. Mtu aliyezimeza hutibiwa kwa vitamini K1, lakini lazima afikishwe hospitali hata kama anajisikia mzima, kwa sababu damu huanza kutoka siku kadhaa baadaye.

Katika miji ya Tanzania mtu hahitaji kwenda dukani. Mchuuzi hupita mtaani na kipaza sauti kilichorekodiwa akitangaza sumu ya panya, mende, kunguni na viroboto, sauti ambayo watoto huikariri kabla ya jedwali la kuzidisha. Vipakiti anavyouza mara nyingi havina lebo. Mnunuzi hajui jina la sumu, na akipelekwa hospitali daktari naye hajui amtibu nini. Kisheria viuatilifu vinapaswa kusajiliwa. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini mamlaka haiwezi kumfuata kila mchuuzi. Pale ambapo halmashauri haina huduma ya panya, au inayo kwa jina tu, mwananchi hununua huduma hiyo kwa mchuuzi, na nyumba yenye mtoto anayetambaa ndiyo hulipa gharama yake.

Bwana afya anayefuata utaratibu hufanya tofauti. Huanza kwa ukaguzi: anatafuta kinyesi, mashimo, alama za mafuta ya mwili kwenye kuta na mbao zilizotafunwa. Akitaka kujua njia ipi inatumika, hunyunyiza unga sakafuni jioni na kusoma nyayo asubuhi. Chambo hakimwagwi chini, bali huwekwa ndani ya boksi linalofungwa, kando ya ukuta, na kila boksi huwa na namba. Hurudi baada ya siku chache kupima kilicholiwa, kukusanya mizoga kwa glavu na kuifukia au kuichoma. Chambo kikiacha kuguswa mahali pote, na unga ukibaki bila nyayo, kazi ya sumu imekwisha na masanduku huondolewa.

Sheria na mamlaka

Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1949 inazitaka serikali za mitaa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kwamba maeneo yao hayana panya, na inazipa uwezo wa kumwamuru mwenye ardhi achukue hatua. Jimbo la Alberta, Kanada, limekwenda mbali zaidi. Panya wa kahawia walipofika kwenye mpaka wake wa mashariki mwaka 1950, serikali iliweka ukanda wa ulinzi kando ya mpaka huo, na wakaguzi wake wanapita shamba kwa shamba mpaka leo. Alberta ina bahati ya milima upande wa magharibi na baridi kali kaskazini. Mkoa wa pwani ya Afrika usingeweza kuiga hilo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Ofisa afya anaweza kuingia katika jengo kukagua na kutoa notisi ya kuondoa kero. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliyaweka mambo ya uzoaji taka na majalala mikononi mwa kaunti. Katika nchi zote mbili mara nyingi idara inayomiliki sumu si ile inayomiliki magari ya taka. Bwana afya anaweza kuandika ripoti sahihi kuhusu jalala la soko, kisha akasubiri idara nyingine ipate mafuta ya lori.

Bandari zina utaratibu wake. Kwa miaka mingi kila meli ya kimataifa ilitakiwa kuwa na cheti cha kuondolewa panya au cha kusamehewa kazi hiyo. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, vyeti hivyo vilibadilishwa na vyeti vya usafi wa meli, ambavyo hudumu miezi sita na kuhusu wadudu, maji na chakula pia. Ofisa afya wa bandari katika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukagua maghala ya meli, jiko na stoo. Kwenye kamba zinazoifunga meli gatini huvishwa sahani kubwa za bati, moja kwa kila kamba. Panya anayetembea juu ya kamba akifika kwenye sahani hukosa pa kushika, iwe anatoka melini kwenda nchi kavu au anatoka gatini kwenda melini.